Mregho, Redio na Rosa: Jinsi Kilimanjaro Ilivyosoma Habari za Kukua

Kabla kitabu hakijafika Kilimanjaro, vijana wa Old Moshi walifundishwa utu uzima kwa fimbo. Iliitwa mregho. Mwili wake ulichongwa alama, moja juu ya nyingine, na mzee aliyeyajua mafunzo hayo aligusa alama, akaimba somo lake, akalieleza, kisha akahamia inayofuata. Palikuwa na masomo ya mwili wa mtu na viungo vyake, na masomo ya mimba inavyokua mwezi hadi mwezi tumboni mwa mama. Wasichana nao walikuwa na mregho wao na walimu wao wa kike. Lugha ya nyimbo hizo ilijaa mafumbo, kiasi kwamba kijana hata angeiokota fimbo hiyo njiani asingeambulia kitu. Alihitaji mtu wa kumsomea, na wenzake wa kusikiliza nao.

Historia ya kusoma pamoja katika miteremko hii yafaa ianzie hapo, miaka mingi kabla ya ubao na chaki.

Mengi yanayojulikana leo kuhusu mregho yaliandikwa na Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1876 na kufika Afrika Mashariki mwaka 1902. Alikaa Old Moshi tangu 1910 hadi 1938, ukiondoa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza ambapo Waingereza waliwaondoa Wajerumani nchini. Mwaka 1914 alichapisha mkusanyiko wa ngano na visa, Volksbuch der Wadschagga. Kati ya 1932 na 1938 akatoa juzuu tatu nene za mafunzo ya jandoni na unyagoni, Die Stammeslehren der Dschagga. Otto Raum, mtoto wa mmisionari Johannes Raum na mzaliwa wa Kilimanjaro, akafuata mwaka 1940 kwa kitabu chake Chaga Childhood, kinachoeleza michezo ya watoto, adhabu, hadithi za bibi jikoni na hatua ambazo mtoto alipita mpaka akaitwa mtu.

Kazi hizo zimeokoa mengi, na wazee waliokaa na Gutmann wakamwimbia nyimbo zile wanastahili shukrani kuliko yeye. Hata hivyo inauma kwamba hazina hiyo imefungwa ndani ya Kijerumani na Kiingereza. Kijana anayekulia leo Shirimatunda, mojawapo ya kata 21 za Manispaa ya Moshi, anaishi mwendo mfupi tu kutoka mahali mafunzo hayo yalipoimbwa. Akitaka kujua babu wa babu yake aliambiwa nini siku alipotoka utotoni, itambidi ajifunze lugha ya Dresden kwanza.

Herufi zilipanda mlima pamoja na kengele za misheni. Waanglikana wa CMS walifika kwa Mangi (mtawala) Rindi wa Moshi mwaka 1885, wakalazimika kuondoka mwaka 1892. Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walijenga Kilema, kisha Kibosho. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ikaanza Machame mwaka 1893, ikaendelea Mamba mwaka 1894 na Old Moshi mwaka 1896. Kila kituo kilikuwa na darasa, na darasa lilikuwa na vitabu vichache kuliko wanafunzi. Mmoja akisoma, kumi wakisikiliza. Wengine wakikariri mistari wasiyoweza bado kuitambua kwa macho. Mwaka 1912 Walutheri walifungua chuo cha walimu Marangu, na vijana waliohitimu huko wakarudi vijijini wakiwa watu wa aina mpya: umri wao ulikuwa mdogo, lakini wao ndio walioshika maandishi, na wazee wakawa wasikilizaji.

Mgeuko huo haupewi uzito unaostahili. Katika mregho mzee alisoma na kijana akasikia. Katika darasa la misheni kijana alisoma, na jioni baba yake akamwomba amsomee barua. Maandishi yaligeuza viti vya familia.

Mmoja wa walimu wa kizazi hicho alikuwa Filipo Njau, mtu wa Old Moshi aliyefundisha Marangu na kumsaidia Gutmann kwa miaka mingi. Alisimulia maisha yake mwenyewe, tangu utoto katika kihamba, shamba la ukoo, hadi ualimu. Simulizi hiyo ni ya thamani kubwa kwa sababu ni habari ya kukua iliyosemwa na mwenyewe aliyekua, wala si na mgeni aliyemtazama. Ilichapishwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1960, kwa Kijerumani, kwa jina Aus meinem Leben.

Wakati wamisionari wakishikilia Kichagga, kwa lahaja zake za Kimachame na Kimochi, serikali ilisukuma Kiswahili. Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha gazeti la kila mwezi, Mambo Leo. Walimu walilipokea, wakalisoma darasani, na nje ya darasa likapita mkono hadi mkono mpaka likachakaa. Ndani yake zilikuwamo habari za kilimo na za serikali, mashairi ya wasomaji, barua za kubishana, na hadithi zilizotolewa kidogo kidogo. Ni miaka hiyo ambapo vitabu vya vituko vya Kiingereza vilianza kuvaa Kiswahili. Mwaka 1929 kilitoka Kisiwa chenye Hazina, hadithi ya Jim Hawkins, kijana wa nyumba ya wageni aliyejikuta baharini katikati ya maharamia. Aliyesimamia tafsiri hiyo ni Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki.

Kwa wasomaji wengi wa bara, huenda hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana na riwaya ya kijana anayekua, na kijana mwenyewe alikuwa Mwingereza wa karne ya 18. Alikua bila jando wala wazee wa ukoo. Mafunzo yake yote aliyapata kwa kutazama watu wabaya na kuamua mwenyewe. Mtu aliyezoea kwamba utu uzima ni jambo unalopewa na kundi, tena kwa wimbo, alikuwa na haki ya kushangaa.

Kahawa nayo ilileta usomaji wake. Chama cha wakulima, KNPA, kiliundwa mwaka 1925 chini ya Joseph Merinyo na wenzake, na mwaka 1933 kikarithiwa na chama cha ushirika cha KNCU. Mkulima aliyepeleka kahawa kwenye chama cha msingi alirudi na stakabadhi, na mikutano ya vyama ilikuwa na taarifa na hesabu ambazo lazima zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama. Mwaka 1953 Baraza la Wachagga likaanzisha gazeti lake la Kiswahili, Komkya, maana yake kumekucha. Mangi Mkuu Thomas Marealle alikuwa madarakani, siasa za uhuru zilikuwa zikipanda joto, na kurasa za barua za Komkya zikawa uwanja. Humo watu wa Marangu, Rombo na Machame waligombana kuhusu ardhi, kodi, ada za shule, na hasa vijana: kwa nini hawasalimii wakubwa, kwa nini wanakimbilia mjini, kwa nini msichana aliyesoma anachagua mume mwenyewe. Anayetaka kujua wazee wa Kilimanjaro waliogopa nini katika miaka ya 1950 ataona mengi katika barua hizo.

Baada ya uhuru Moshi ukawa mji wa kusoma kwa makundi kwa maana kamili. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikafuata Kituo cha Elimu ya Ushirika, kwa msaada wa nchi za Nordiki. Wataalamu wa huko walikuja na desturi yao ya kundi dogo linalokutana na kijitabu kimoja, likasoma, likajadili, likaandika majibu. Masomo ya posta na vipindi vya redio viliwafikia wanachama vijijini, na kamati ya chama ikawa pia kundi la wanafunzi. Mzee wa miaka 60 alikaa benchi moja na karani wa miaka 20 kujifunza mizania. Mtindo huo ulishika upesi hapa, na sababu haihitaji kutafutwa mbali: watu walikuwa wameshazoea kuelewa jambo wakiwa wengi.

Kisha ukaja mwaka 1971, mwaka ambao mwanahistoria wa usomaji nchini anapaswa kuutazama kwa makini.

Mwaka huo wilaya chache, zilizochaguliwa na serikali ya Mwalimu Nyerere, zilitakiwa kutangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Kilimanjaro ilikuwamo. Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, nayo ilikuwamo. Na mwaka huohuo East African Literature Bureau ya Nairobi ilichapisha riwaya ya kwanza ya kijana wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kijiji cha Namagondo mwaka 1944 na kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam muda mfupi kabla. Riwaya hiyo ni Rosa Mistika.

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria, baba mlevi aliyeamua kwamba ulinzi wa mabinti ni kipigo. Barua moja kutoka kwa mvulana aitwaye Charles inamletea kichapo mbele ya macho ya nyumba nzima. Anapelekwa shule ya bweni Mwanza, baadaye chuo cha ualimu Morogoro, na huko, mbali na mkono wa baba, hajui afanye nini na uhuru ambao hakuwahi kufundishwa kuutumia. Wanaume wenye vyeo wanamgeuza chombo. Anapompata tena Charles na kutaka kuanza upya, Charles anagundua kwamba hakuwa bikira, anamwacha, na Rosa anajiua.

Riwaya ilipigwa marufuku shuleni. Hoja ya waliokataa ilikuwa kwamba inawafundisha wasichana uhuni, inataja mambo ambayo mtu mzima hayataji mbele ya mtoto. Waliotetea walisema kwamba anayeshtakiwa ndani ya kitabu ni Zakaria, na kwamba kila mzazi anayeamini kwamba ukimya na fimbo vitamlinda binti yake anapaswa kukisoma hadi mwisho. Mabishano hayo yalienea nchi nzima, na mkoa wa Kilimanjaro, uliojulikana kwa shule za wasichana kama Machame, Ashira na Weruweru, ulikuwa na sababu zaidi ya wengine kuyasikiliza. Kitabu kikaendelea kusomwa nje ya mtaala, kikachapishwa tena, na leo hakuna historia ya riwaya ya Kiswahili inayoweza kukiruka.

Hapa mregho unarudi mezani. Wazee wa kike wa Old Moshi waliimba mbele ya wasichana mambo ya mwili, hedhi na mimba, kwa uwazi ambao ungewashtua waliopiga marufuku kitabu cha Kezilahabi. Tofauti haikuwa katika mada. Katika mregho palikuwa na mama wa makamo aliyeshika fimbo, akaeleza, akakemea, akasikiliza swali. Rosa hakuwa na mtu huyo, na marufuku ilihakikisha kwamba msomaji wake naye hana. Msichana wa bweni aliyekisoma chini ya blanketi alikutana na kifo cha Rosa peke yake. Kama kuna kosa la kulaumu katika mwaka ule, ni hilo: kitabu kilichohitaji kundi na mkubwa wa kukaa nalo kilifukuzwa hadi kwenye upweke.

Inashangaza zaidi ukikumbuka yaliyotokea miaka miwili tu baadaye. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika makundi ya kusoma, yakiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo. Kwa wiki 12 kundi lilikutana, likasikiliza kipindi cha redio, mmoja wao akasoma sura ya kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Malaria, kuhara, kichocho, minyoo, yote yalisemwa wazi chini ya mti, wanaume na wanawake pamoja. Taifa lililoweza kukaa chini na kuzungumzia choo bila haya lilikuwa na uwezo wa kukaa chini na kuzungumzia Rosa. Halikupewa nafasi.

Makundi ya namna hiyo yamerudi kwa sura nyingine. Dar es Salaam, Soma Book Café, chini ya Demere Kitunga, imefanya kusoma na kujadili kitabu kuwa shughuli ya mchana kweupe. Kitunga ndiye aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D pamoja na Elieshi Lema, mwandishi mzaliwa wa Kilimanjaro, ambaye riwaya yake Parched Earth ya mwaka 2001 inamfuata Doreen, binti aliyelelewa na mama peke yake, hadi utu uzima na ndoa. Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Bado mtu anatamani ingefika mikononi mwa akina mama wa soko la Mbuyuni kwa lugha wanayouzia ndizi.

Riwaya za kukua zinazotoka nje nazo zinazidi kuingia katika makundi haya, na kati ya hizo zipo zinazoanzia kwenye maafa. Hold Tight, Don't Let Go, riwaya ya Laura Rose Wagner ya mwaka 2015, inaanza na tetemeko lililoiangusha Port-au-Prince, Haiti, tarehe 12 Januari 2010. Mabinti wawili waliolelewa kama ndugu wanampoteza mama aliyewalea. Mmoja anachukuliwa na baba yake kwenda Marekani, mwingine anabaki kwenye kambi ya mahema. Kifusi kinachukua kurasa chache tu. Kinachojaza kitabu ni swali la nani atamlea aliyebaki.

Swali hilo si la kigeni hapa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kujeruhi mamia. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato mjini Bukoba ziliharibiwa kiasi cha kufungwa, na vijana waliokuwa bweni, katikati ya mwaka wa masomo, wakaondoka penye walimu na wenzao. Kaskazini nako, katikati ya mwaka 2007, mfululizo wa matetemeko karibu na Oldoinyo Lengai ulitikisa nyumba za Arusha na kusikika hadi Nairobi, kabla mlima wenyewe haujalipuka mwezi Septemba. Anayekumbuka wiki zile anajua hofu ya mtoto anayemwona baba yake naye akikimbia nje.

Wachagga waliishi chini ya volkano na walikuwa na hadithi yake. Mawenzi, kilele kimoja cha Kilimanjaro, alizimikiwa na moto, akaenda kwa jirani yake Kibo, kilele cha pili, kuomba kaa. Akamkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa na za kula. Zilimnogea, kwa hiyo akauzima moto kwa makusudi na kurudi tena, na tena, mpaka Kibo akachoka na kumtandika kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana kichwa kilichochanika hadi leo. Bibi alimsimulia mjukuu jikoni, na mjukuu akicheka alikuwa ameshapata elimu mbili kwa wakati mmoja: ya mlima uliowahi kuvunjika, na ya adabu ya kuomba kwa jirani.

Kitabu kinachofaa kuliko vyote kusomwa Shirimatunda kwa sasa, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni Peponi. Abdulrazak Gurnah alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina Paradise, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota ikachapisha tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa rehani kwa mfanyabiashara Aziz kufidia deni. Katika safari za bwana huyo anaachwa katika mji mdogo chini ya mlima wenye theluji, kwenye duka la Hamid Suleiman. Gurnah hautaji mji huo kwa jina la ramani, lakini miaka ni ile ya Wajerumani, na msomaji wa Moshi atafungua dirisha kuhakikisha.

Katika mji huo linamkuta Yusuf jambo ambalo kundi la wasomaji lingeweza kulijadili jioni nzima. Ramadhani inafika, na wenyeji wake wanagundua kwamba kijana huyu mkubwa hajui kusoma Kurani. Aibu inawapata wote. Anapelekwa chuoni kukaa na watoto wa Hamid, wadogo kwake kwa miaka, na kuanza herufi upya katikati yao. Hakuna anayemwacha ajisomee pembeni. Anakaa kundini, anakosea kwa sauti, anasahihishwa kwa sauti. Mwishoni mwa riwaya Yusuf huyohuyo anakimbia kufuata msafara wa askari wa Kijerumani, na wasomaji hawajakubaliana kama amejikomboa au amejitia utumwani upya. Wasomaji wa Moshi, ambao babu zao waliona reli ikiufikia mji na, muda mfupi baadaye, vita, wana la kuchangia katika ubishi huo kuliko wasomaji wa London.

Vitabu hivi viwili, Peponi na Rosa Mistika, vingefaa kuwekwa juu ya meza moja, mbele ya wanafunzi wa sekondari pamoja na mabibi zao, sura moja kila wiki, asomaye asome kwa sauti. Na kwa kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika na wazee wanaokumbuka Kimochi bado wako mjini humohumo, kazi ya kuzirudisha juzuu tatu za Gutmann katika Kichagga na Kiswahili ingeweza kuanza sasa, na nyimbo za wasichana zitangulie.